Mkalimani wa Sebuleni

Hii ni kweli tupu, na anayebisha aje na mashahidi wake: Mzee Venance alimuua yule mama kwa pepopunda saa kumi kasoro robo, akamzika saa kumi kamili, na sebule nzima ikalia. Isipokuwa mkewe, Paskalina. Yeye alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jikoni, ungo wa maharage mapajani, anacheka mpaka maharage yanamwagika.

"Mama Justine!" Mzee Venance alimkemea. "Watu wamefiwa, wewe unacheka?"

"Nisamehe, Baba Justine. Endelea kuzika."

Waliofiwa walikuwa majirani kumi na wawili. Marehemu alikuwa mama wa Kichina, ndani ya televisheni ya inchi kumi na nne.

Mwaka huo, 2004, Mzee Venance alikuwa amestaafu ukarani wa ghala la mahindi, akaapa kuizunguka dunia bila kutoka Tunduma. Deki aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ikiwa imeshachoka. CD alizichagua kwenye fungu la bei ya chini kabisa, zile zisizo na makasha, ambazo muuzaji mwenyewe hajui ni za nchi gani. Tafsiri ndiyo ilikuwa bure, maana alitafsiri mwenyewe. Kihindi alikipata, alisema, kwa mwenye duka la vitenge. Kirusi alikipata kwenye trekta. Kichina ndicho alichokinywa kama maji, kwa sababu reli ilipojengwa yeye alishika kamba ya kupimia: huku yeye, kule Mchina.

Aliishika kamba hiyo siku tisa. Alijifunza neno moja, na alilisahau.

Lakini mdomo! Loisi, muuza mandazi, hakuja bila kanga ya kufutia machozi. Kila mtu aliingia na chochote: huyu kopo la mkaa, yule viazi, yule sukari. Ilipofika Oktoba, Mzee Venance alikuwa hajanunua mkaa tangu Pasaka. Mtaani wakamwita Profesa, na jina hilo alilipenda kuliko pensheni, ambayo ilikuwa bado iko njiani.

Paskalina tu ndiye aliyemharibia. Kwenye vita anasinzia, kwenye harusi anafuta machozi, kwenye msiba ndiyo hivyo.

"Mvumilieni," Mzee Venance aliwaomba watu kwa huruma. "Nilimtoa Mlowo. Kwao walikuwa wanalima kabichi za kuwauzia wajenzi wa reli. Akili yote iliishia kwenye kabichi."

Aliyekuwa na donge rohoni ni Kasiani, fundi baiskeli. Kabla ya deki, watu walijaa kibandani kwake kusikiliza habari. Sasa alibaki na spoku.

"Profesa," alisema Jumamosi moja, mbele ya wote. "Kambi ya barabara kuna Mchina namtengenezea baiskeli. Nikimleta hapa, utaongea naye?"

"Mlete. Kichina changu kinaota kutu kwa kuongea na nyinyi."

"Mbuzi kwa mbuzi?"

Mzee Venance alikuwa na mbuzi mmoja, beberu wa Krismasi. Lakini sebule nzima ilikuwa imeacha televisheni, inamtazama yeye.

"Mbuzi kwa mbuzi. Na atakayeshindwa asifungue tena mdomo mbele za watu."

Wiki hiyo ugali haukupita.

"Kwani hukijui?" Paskalina alimuuliza.

"Nakijua sana! Ila Wachina wana makabila mengi, kama sisi."

"Haya."

Jumamosi mgeni akaja, mwembamba, kofia mkononi. Walimpa kiti chenye mito na soda tatu mfululizo, kwa heshima. Mzee Venance alitafsiri kama mwenye homa. Aliwaoza mabinti wawili, akaunguza kijiji, akamrudisha askari mmoja kutoka vitani akiwa hana mguu, japo kwenye kioo miguu yote ilionekana. Kila alipomtupia mgeni jicho, alimkuta anajikunja kitini, jasho linamtoka. Amejua, Mzee Venance aliwaza. Kila uongo unamchoma.

Filamu ilipoisha tu, mgeni alisimama, mkono mmoja tumboni, akamwambia Mzee Venance maneno marefu, ya haraka, ya Kichina.

Sebule nzima ikamgeukia Profesa.

"Anasema," Mzee Venance alikohoa, "tangu atoke kwao hajasikia Kichina kilichonyooka namna hii. Kimemgusa tumboni. Kwa Wachina, huzuni inakaa tumboni."

Mgeni akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akirukaruka.

"Anarudia, kwa ajili ya wasiosikia vizuri."

Loisi akapiga vigelegele. Kasiani akavua kofia, akatazama chini. "Basi, Profesa. Nimeshindwa. Mbuzi nakuletea kesho tukitoka kanisani."

Mzee Venance akavuta pumzi ya kwanza tangu wiki ianze.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kigoda. Ilianza polepole, kama mtu anayefungua sanduku la zamani, kisha ikakolea, ikapanda na kushuka, Kichina cha kupatana bei ya kabichi. Mgeni aligeuka, mdomo wazi. Akajibu. Akajibiwa. Paskalina akanyoosha ungo kuelekea mlango wa nyuma, na mgeni akatoka mbio, kofia akaiacha kitini.

Paskalina akarudi kwenye maharage yake.

"Anataka choo tangu soda ya pili, Baba Justine," alisema. "Beberu nimeshamfunga hapo nje ya jiko. Kisu nilikinoa asubuhi."