Tundu la Pembeni

Yule mwanaume alimwaga soksi nzima ya sarafu mbele ya moto wangu, hapa Mabanga. "Muzee, unipimie mbio. Niko na haraka."

Nilipitisha sumaku juu ya sarafu, kama kawaida. Sarafu za siku hizi, za nchi jirani, ni chuma kilichopakwa rangi. Ziliruka zikang'ang'ania sumaku. Zilizobaki chini ndizo ninazonunua: za Zaire ya zamani, ambazo hazinunui hata pipi, lakini shaba yake ya njano inatoa pete nzuri za harusi.

Moja ilikuwa na tundu pembeni.

Mkono wangu ndio ulioteleza siku nilipoitoboa. Binti yangu Wivine alicheka, akaivaa shingoni hivyohivyo. Wiki iliyopita walimkata mapanga kwenye barabara ya Kalengera. Tulimzika shingo tupu.

Uzi niliofunga kwa vidole vyangu ulikuwa bado umenasa kwenye tundu. Ulikuwa mweupe. Sasa ulikuwa mweusi, mgumu kama waya.

"Hii ulitoa wapi?"

"Barabarani. Kwani shaba inaulizwaka kwenye inatoka?"

Alinyoosha mkono kuichukua. Kwenye ngozi yake kulikuwa na michubuko minne ya kucha, imeshakauka.

Nilishika chungu kwa koleo, nikakitoa motoni. Ndani yake shaba iliyoyeyuka ilikuwa inatokota, inatema cheche.

"Karibia, papa," nikamwambia. "Uangalie rangi, usiseme nimekuibia."

Akainama.