Siku Sitini za Komora

Siku ya thelathini na tisa Komora alianguka shambani, jembe mkononi. Wenzake wakamletea maji. Akayakataa. Akila hata siku moja, aanze upya zote sitini.

Kijiji kizima cha Kinakomba kilikwisha kujua. Mtu akifunga siku sitini mfululizo baada ya Idi, nani aulize? Kamwendea mkewe mchana wa Ramadhani, sasa analipa kafara. Watu wakacheka bila haya.

"Shoga, magharibi ilikuwa mbali sana?" Jumwa, jirani yao, alimwuliza Mashavu mtoni, wanawake wote wakisikia.

Mashavu, mke wa Komora, alijichekesha. Moyoni aliungua. Ramadhani yote hiyo mumewe hakumgusa! Yeye alikuwa kwa mama yake, wakimlilia Tahir, nduguye, aliyechukuliwa na mamba mwezi wa Shaabani. Hata mfupa haukupatikana. Komora ndiye aliyeileta habari, nguo zimelowa chepechepe, akilia kuliko wote. Kumbe machozi yale hayakumzuia kutafuta mwanamke. Mungu wangu, ni nani huyo?

Akaenda kwa Mwalimu Mahmud wa chuo cha Kurani, aliyemtolea Komora hukumu.

"Muulize mumeo, binti yangu," mzee alisema, macho chini. "Nimemwambia, haki ya Mungu anailipa. Bado haki yenu."

Siku ya sitini, adhana ya magharibi ilipolia, Komora alifuturu kwa funda la maji. Mashavu alikuwa amesimama mlangoni, nguo zake kazifunga kwenye kanga.

"Shika msahafu uape. Kama kuna mwanamke, mimi naondoka sasa hivi."

Komora alitia udhu. Akaushika kwa mikono miwili.

"Wallahi, tangu nikuoe sijamgusa mwanamke mwingine."

Mashavu akaangua kilio cha furaha. Akautupa mzigo wake chini, akamwomba radhi kwa kumdhania vibaya, akakimbilia jikoni kumpakulia sima. Tangu Shaabani alikuwa hajafurahi hivyo.

"Haya, mume wangu," alisema akitua sahani, "sasa ulikuwa ukifungia nini?"

Komora hakuigusa sahani. Msahafu bado ulikuwa mikononi.

"Mahindi yalitikisika, Mashavu. Nikadhani ni kiboko, nikarusha mkuki. Hakukuwa na mamba."