Arobaini Nyuma ya Mlango

Bi Mwanashuru alijifungia chumbani, malengelenge yakimchoma ubavuni. Mkanda wa jeshi, daktari alimwambia asubuhi: ni tetekuwanga yake ya utotoni, iliyoikwepa kinga ya mwili ikajificha miaka hamsini kwenye mishipa ya fahamu. Asishike kichanga, asije akakiambukiza.

Na siku hiyo ndiyo arobaini ya mjukuu wake. Kwao, bibi ndiye humtoa mtoto nje mara ya kwanza.

"Mama, mtoto analia. Nani amtoe?" mkwewe, mama wa mtoto, aliuliza nyuma ya mlango.

"Mtoe wewe."

"Mimi? Siwezi kukutangulia, mama."

Bi Mwanashuru alitaka kuipenyeza kanga ya kumbebea mtoto chini ya mlango. Akakumbuka ameishika kwa vidole alivyojikunia malengelenge. Akaikumbatia, akaanza kuiimbia, mpaka ng'ambo ya mlango kilio kikanyamaza.