Barua za Marehemu Hilal

Kurasa thelathini na nne zilikuwa ndani ya bahasha ya kaki. Fakihi aliipakata kwenye teksi tangu Temeke hadi Vingunguti, na Najat, mwanakikundi mwenzake aliyekaa pembeni yake, alikuwa ameishikilia kompyuta ya Bi Tunu. Wiki nzima Fakihi alikuwa akila bila kusikia ladha.

Kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha Linux, watu kumi na mmoja wanaokutana kila Jumamosi kwenye darasa la chekechea, wamejikunja kwenye viti vya watoto, wakiwawekea watu programu hiyo ya bure kwenye kompyuta zao na kuwasaidia inapogoma. Hawalipishi hata senti. Sharti lao ni moja tu: anayejua asimwache asiyejua.

Jumamosi iliyopita Bi Tunu aliwaletea kompyuta. Fakihi akamweleza kwamba wakiweka programu yao, vya zamani vyote vinafutika.

"Kuna cha kutunza humu, dada?"

"Hamna. Nyie wekeni tu."

Akatoka kukaa barazani, akaupa mlango mgongo. Fakihi aliona kwenye kioo folda imeandikwa BARUA, akabonyeza hivyo hivyo, maana foleni ilikuwa ndefu. Jioni, alipofungua daftari la wageni, ndipo alipousoma mwandiko wa Tunu: mali ya marehemu mume wangu, Hilal.

Alikaa chini. Mwanamke asiyejua hata kuwasha mashine angejuaje kilichomo? Alimuuliza swali la kitaalamu, akapokea jibu la mtu asiyeelewa, na kwa haraka zake akamfutia mjane barua za mumewe. Tangu hapo akawa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

Bahati kompyuta ilikuwa imebaki kwao wiki hiyo, wakihangaika na printa yake. Wakafanya wanachokiweza: kazi kubwa wakaigawana. Maandishi yaliyofutwa yalikuwa bado yamesalia kwenye diski, vipande vipande. Wakavikusanya, wakavitia kwenye flopi, kila mwanakikundi akaenda na yake kusoma na kupanga. Najat akaviunga. Siku sita hawakulala vizuri, na hakuna aliyelalamika.

Sasa walikuwa sebuleni kwa Bi Tunu. Aliwapa chai, akaketi, uso wake mkavu.

"Dada, tulikukosea," Fakihi alisema. "Tulifuta barua za marehemu. Tulipaswa kukuuliza vizuri. Lakini tumezirudisha, karibu zote." Akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili.

Tunu hakuifungua. "Mmezirudisha."

"Tena tumezipanga kwa tarehe," Najat alidakia. "Dada, ulipendwa wewe! Kila barua, 'mke wangu kipenzi.' Na pale anapouliza kama mtoto ameshaota jino la kwanza, sie wote tulilia."

"Nyie wote wangapi?"

"Kumi na mmoja," alisema Fakihi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi moyo unampungua uzito. "Kila mtu alisoma sehemu yake. Ndivyo tunavyofanyaga."

"Mie nilimsomea hadi mama," Najat akasema. "Kasema hajawahi kuona mwanaume wa hivyo."

Tunu aliiweka bahasha mezani, akainyoosha pembe zake kwa vidole. Fakihi alisubiri shukrani, au hata machozi, chochote angekipokea.

"Mie sijajaaliwa kuzaa," alisema Tunu. "Nimezunguka mji mzima nikitafuta watu wa kuzifuta bila kuzisoma."