Mwisho Saa Kumi

Mwanamume alipomwona yule mama getini, aligeuka na kukimbia.

Wenzake sita walioachiliwa naye asubuhi ile walipokea karatasi, wakazikunja, wakatia mfukoni. Yeye alikata kona ya ukuta wa gereza akiwa amekumbatia mfuko wake wa nguo, kama mtu aliyeona askari wanamrudia.

Mama yule alikuwa fundi cherehani. Tangu mwaka juzi, kila siku ya kuachilia wafungwa, alifunga kibanda chake akaja kusimama pale na karatasi zenye maneno machache: ukimaliza kifungo, haki yako ya kupiga kura inarudi; nenda ukajiandikishe. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha. Vituo vinafungwa saa kumi.

Alibaki na karatasi moja, nyingine akamwachia mlinzi wa geti, akamfuata yule mwanamume. Kituo cha basi hakumkuta. Sokoni hakumkuta. Saa nane na nusu, viatu vikimkata visigino, alibisha hodi nyumbani kwao. Njia hakumuuliza mtu.

Aliyefungua ni mama mzazi wa yule mwanamume, ameegemea mkongojo, miguu imemvimba. Alimtazama mgeni juu mpaka chini.

"Una uso mkavu wewe," alisema. "Mwache mwanangu apumue."

"Nitasubiri hapahapa mlangoni, dada. Imebaki saa moja na nusu. Baada ya hapo ni kusubiri miaka mitano."

"Kwani akikosa kura atakufa?"

"Ameshakosa mengi." Fundi alipiga magoti kwenye saruji, mtu mzima na mvi zake. "Nakuomba. Hiki kimoja asikikose."

Kisha sauti ya kiume ikatoka chumbani.

"Kule ndani walituambia majina yetu yameshafutwa. Mfungwa ni mfungwa mpaka kaburini."

"Waliwadanganya. Sheria hii hapa, soma mwenyewe."

Mama mzazi aliipokea karatasi kwa ncha za vidole, akaipeleka chumbani. Ilisomwa muda mrefu. Mwanamume alipotoka alikuwa amevaa viatu.

Walikwenda kila mtu upande wake wa barabara.

Kituo kilikuwa darasa la shule. Karani alikuwa ameanza kukunja nyaya za mashine. Saa kumi kasoro dakika sita.

"Kitambulisho?"

"Kilipotea nikiwa ndani. Nina barua ya kuachiliwa."

"Haina picha hii. Lete mtu anayekufahamu, aape kuwa ni wewe."

"Mama yangu hawezi kutembea."

"Basi, ndugu yangu, mimi nitafanyaje?"

Mwanamume aliinamisha kichwa. Fundi alikuwa amesimama kando ya ubao. Mara mbili alifungua kinywa, mara mbili akakifumba.

"Mimi namfahamu," alisema mwishowe.

"Uko tayari kuapa, mama?"

Aliinua mkono.

"Naapa. Ni yeye."

Karani akaandika, akampiga picha, mashine ikatema kadi. Mwanamume alisoma jina lake herufi kwa herufi, akaifuta kadi kwa shati ingawa haikuwa na vumbi. Ndipo, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama yule mama usoni.

"Miaka kumi na moja iliyopita uliapa hivyohivyo mbele ya hakimu," alisema. "Leo ndiyo umesema kweli."