Kiota cha Siwema

Siku hizi kila nyumba yenye nafasi hupewa sokwe aliyetolewa kizimbani. Mimi nilipewa Siwema. Chumba kikubwa ni chake, kina magogo ya kupandia na dirisha la kutazama milima. Mimi nalala stoo na magunia ya mahindi, wala silalamiki, magunia hayakoromi.

Sheria inasema sokwe mwenye raha hujitengenezea kiota kipya kila jioni. Asiyetengeneza hana raha, huyo hupelekwa msituni kwa wenzake. Siwema ameacha tangu mvua zianze, basi nakunja matawi mimi.

Jana alikuja mkaguzi, binti mmoja anaitwa Nyamizi. Akainama kwenye kiota, akachomoa unywele.

"Bibi, mbona mweupe?"

"Mjukuu wangu, Siwema naye anazeeka. Au ulitaka apake piko?"

Akacheka, lakini mkono ulibaki kwenye majani. "Kizuri, ila kina baridi. Kesho nitapita alfajiri, nataka nikikute na joto la aliyelala."

"Karibu, utakuta na chai."

Jioni nikatandika majani mapya, nikayapigapiga yalainike. "Panda, mama. Usiku mmoja tu. Wakikuchukua, mimi nitaongea na nani?"

Siwema akanitazama, kisha akarudi dirishani kwenye milima yake.

Safari hii nikafunga kilemba vizuri, nywele zisidondoke, nikapanda mwenyewe. Nikajikunja pale katikati hadi majani yakaanza kupata joto. Siwema hakugeuka.