Sare za Harusi ya Winnie

Flora alilivaa gauni, akajigeuza mara moja mbele ya kioo, akasema liko sawa. Veronica akabaki na pini mdomoni. Flora huyu, wifi yake, ambaye tangu wafahamiane hajawahi kupokea nguo kabla haijafumuliwa na kushonwa upya! Bega la kushoto lilikuwa limepanda, kila mwenye macho aliliona.

"Limekaa vizuri, mama Marcelo," alisema Flora. "Pumzika kidogo."

Apumzike saa ngapi? Pamba ikishauzwa, Bariadi nzima huoa, huolewa na kubatiza, na cherehani ya Veronica haipoi. Alikuwa ameshona magauni meupe ya watoto wa komunyo, akafuma vitambaa vya makochi, akatengeneza maua ya vitenge ya kupambia ukumbi. Sendofu moja ya jirani iliahirishwa, kama ilivyo desturi, kwa sababu babu wa bibi harusi alifariki, na zile nguo bado zilikuwa zimekunjwa kwenye kapu zikisubiri msiba uishe. Na sasa sare za ukoo mzima kwa harusi ya Winnie, binti wa shemeji yake Deogratias.

Kazi hiyo aliifanya bure, kwa moyo mmoja. Alichotaka ni Marcelo aje nyumbani.

Marcelo alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda machimboni Geita baada ya kugombana na Deogratias, baba yake mdogo, juu ya ng'ombe walioachwa na marehemu baba yake. Aliapa hataukanyaga tena ule ua wa ukoo. Mama yake aliishi katika ua huohuo, kwa hiyo aliyeadhibiwa na kile kiapo alikuwa yeye. Alimbembeleza kwenye simu miezi na miezi, mpaka kijana akaanza kulegea: "Nitafikiria, mama." Halafu, wiki ileile ya komunyo, Deogratias akaichukua simu ya Veronica iliyopasuka kioo akaitengenezeshe Mwanza, na kwa pilikapilika za harusi akawa hajairudisha.

Asubuhi moja Deogratias alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka."

"Nimetoka kumwona Marcelo."

Mguu wa Veronica ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. "Umemwona kwa macho yako? Atakuja?"

"Atakuja. Jumamosi ya harusi haitawezekana. Jumapili nitamfuata mwenyewe na gari."

"Na yale ya ng'ombe?"

"Yameisha. Hana tena neno na mimi."

Veronica alifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikishona, akalia kwa furaha mbele ya shemeji yake bila aibu yoyote. Alipomaliza, alitaka kujua kama kijana ana nguo ya maana ya kuvaa.

"Mshonee shati jeupe na suruali nyeusi," alisema Deogratias, akiangalia chini. "Usifuate vipimo vya zamani. Acha nafasi, mwili umejaa."

Umejaa! Mtoto aliyeondoka hapa mwembamba, shingo inacheza ndani ya kola! Basi huko machimboni wanakula. Siku nzima Veronica alicheka peke yake kama mwehu. Aliikata ile suruali pana kiunoni, akapiga pasi mikunjo mpaka ikasimama. Deogratias alipopita kuzichukua alisema Marcelo atavalia hukohuko, na Veronica akaona ni vizuri, aingie nyumbani akiwa nadhifu.

Wanawake wa ukoo, hata hivyo, walikuwa na jambo. Akiingia jikoni wananyamaza. Winnie alikuja kujaribu shela, akamkumbatia ghafla. "Nisamehe, mama mkubwa," alisema, akalia mpaka Veronica akahofia machozi yataharibu kitambaa. Bibi harusi kulia ni kawaida, lakini msamaha wa nini?

Aliwaza sana, akapata jibu. Marcelo ana mchumba! Anamleta, na wote wameambiwa wamfiche mama ili ashtuke. Wajinga hawa, wamfiche yeye! Akajifanya hajui. Kwa kitenge kilichobaki alimshonea mkwe wake blauzi, akikisia mwili wake, na kifuani akaipamba kwa uzi wa kijani.

Jumamosi harusi ilifana. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wametoka mbali, Moshi, na walisifia zile sare mpaka Veronica akaona haya. Yeye, mjane ambaye kila sherehe huishia kwenye masufuria, safari hii aliketishwa mstari wa mbele na kuletewa chakula mkononi. Alicheza mpaka akavua viatu.

Jumapili aliamka mapema, akachinja jogoo, akavaa gauni lake jipya, akaikunja ile blauzi na kuiweka juu ya kitanda cha mwanawe. Kisha akatoka uani.

Turubai la harusi lilikuwa bado limesimama na viti vyote vipo. Wanawake wa ukoo walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, sare wamezivua, wamejifunga khanga na vichwa wamevifunika.

"Bado mmekaa?" aliwauliza akicheka. "Watu wa turubai hawajaja kubeba vitu vyao? Mgeni wangu atapita wapi?"

Flora aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Tumewaambia waache mpaka kesho, mayu, tukishamzika Marcelo. Yuko mochwari tangu wiki ya komunyo. Tulisubiri kwanza Winnie aolewe."